Ukishavunja namba kuwa vigawo tasa, uchague mfuatano upi?

Kila aliyepita darasa la sita amewahi kuvunja namba kuwa vigawo tasa, mara nyingi akitafuta KDS au KKS. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, mwalimu anaweka vema, mnahamia swali linalofuata. Wapenzi wa namba hawahami. Wao wanauliza: sasa vipande hivi ninavyo mkononi, nivifanyie nini? Nikivijumlisha napata 12. Nikivibandika bega kwa bega napata 2235. Na kwa kuwa namba mpya nayo huenda si tasa, naweza kuivunja tena, na tena, mpaka nifike mahali au nichoke.

Mchezo huu una maana kwa sababu moja: kila namba kubwa kuliko 1 ina seti moja tu ya vigawo tasa. Mtu wa Mwanza na mtu wa Muscat wakianza na namba moja na kanuni moja, watapita njia ile ile.

Kanuni zenyewe ni nyingi. Ensaiklopidia ya mtandaoni ya mifuatano ya namba, OEIS, iliyotokana na mkusanyo alioanza Neil Sloane mwaka 1964, ina mamia ya maelfu ya mifuatano, na inayotokana na vigawo tasa huwezi kuimaliza kuisoma. Hapa nalinganisha minne ambayo naona inamfaa mwalimu wa klabu ya hisabati, mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi, au mtu mwenye kompyuta na usiku usio na kazi. Namba za OEIS nimeziweka ili uitafute mwenyewe.

Kipimo changu kikuu si uzuri wala urahisi. Ni hiki: utakwama wapi? Kila mfuatano kati ya hii una mahali unapogota. Baadhi inagota kwenye mashine, yaani namba zimekuwa kubwa kiasi kwamba hakuna kompyuta ya kuzivunja. Mingine inagota kwenye kichwa, yaani unaona kinachotokea lakini huwezi kueleza kwa nini. Hivyo viwili ni vikwazo tofauti kabisa, na anayechagua bila kuvitofautisha hujikuta amefunga mradi mapema.

Hatua ya kwanza ya kila kanuni, kwa namba chache:

| Namba | Jumla | Mbandiko | Mbandiko wenye vipeo | Derivativu |
|---|---|---|---|---|
| 8 | 6 | 222 | 23 | 12 |
| 15 | 8 | 35 | 35 | 8 |
| 20 | 9 | 225 | 225 | 24 |
| 49 | 14 | 77 | 72 | 14 |
| 60 | 12 | 2235 | 2235 | 92 |
| 64 | 12 | 222222 | 26 | 192 |

Tazama mstari wa 64 kwanza. Kanuni mbili zinaishusha, mbili zinaipandisha. Tabia yote ya mifuatano hii imejificha hapo.

Jumla ya vigawo (A001414)

Huu ndio wa kuanza nao ukiwa na ubao, chaki na watoto. Jumlisha vigawo tasa vyote, kila kimoja mara nyingi kadiri kinavyojirudia. 64 inakuwa 12, 12 inakuwa 7, na 7 ni tasa, basi. 49 inapita 14, 9, 6, inatua 5.

Kwa nini lazima itue? Chukua namba mbili, kila moja ni 2 au zaidi: jumla yake haizidi zao lake, na zinalingana pale tu ambapo zote ni 2. Kwa hiyo kila namba isiyo tasa inapungua, isipokuwa 4, ambayo inabaki 4. Uthibitisho wenyewe ni huo, mistari miwili, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuuandika mwenyewe.

Mtu anaweza kudhani basi umeisha utamu. Geuza swali: ni namba zipi zenye jumla ya 10? Ziko tano tu: 21, 25, 30, 32 na 36. Kutafuta namba hizo ni sawasawa na kutafuta njia za kuandika 10 kama jumla ya namba tasa: 3+7, 5+5, 2+3+5, na kadhalika. Kubwa kuliko zote zenye jumla ya 12 ni 81, yaani 3 × 3 × 3 × 3, na kueleza kwa nini ni 3 na si 5 au 2 kunatosha kipindi kizima.

Halafu kuna jozi. 714 ni 2 × 3 × 7 × 17, na 715 ni 5 × 11 × 13. Zote mbili zina jumla ya 29, na zimekaa jirani. Zinaitwa jozi za Ruth na Aaron, kwa sababu ya besiboli ya Marekani: rekodi ya mchezaji Babe Ruth ilikuwa mipigo 714 ya home run, na tarehe 8 Aprili 1974 Hank Aaron akaivunja kwa kupiga wa 715. Mwanahisabati Carl Pomerance na wenzake wawili wakaandika makala mwaka huo huo. Jozi nyingine ndogo ni 8 na 9, 15 na 16, 77 na 78, 125 na 126. Inajulikana kwamba ni adimu, adimu mno kadiri namba zinavyokua. Kama zinaisha au haziishi, hakuna aliyethibitisha. Hapo ndipo kichwa kinapogota, na kompyuta haikusaidii chochote zaidi ya kukuletea mifano.

Mbandiko (A037274)

Huu unaitwa pia mfuatano wa tasa za nyumbani: vigawo tasa unavipanga kutoka kidogo hadi kikubwa, unavibandika bila nafasi, unaendelea mpaka ufike kwenye tasa. Hiyo tasa ndiyo "nyumbani" kwa namba uliyoanza nayo. 4 inakwenda 22, halafu 211, imefika. 10 inapita 25, 55, 511, inatua 773.

Sasa jaribu 8. Kwenye Linux, au kwenye simu yenye programu ya Termux, andika factor 8, na kila jibu ulibandike kisha uliingize upya:

8 → 222 → 2337 → 31941 → 33371313 → 311123771 → …

Ukiandika factor 31941 itakujibu 3 3 3 7 13 13, ndiyo maana inayofuata ni 33371313. Umeanza na tarakimu moja, hatua tano baadaye uko kwenye mamia ya mamilioni. Njia hii inatua kwenye hatua ya 13, kwenye tasa ya tarakimu 19: 3331113965338635107.

Mbandiko haushuki kamwe, na sababu yake inapendeza. Tuseme unabandika a na b, na b ina tarakimu d. Kubandika ni kuchukua a mara 10 kipeo cha d, halafu kuongeza b. Lakini 10 kipeo cha d ni kubwa kuliko b, kwa hiyo hata kabla ya kuongeza chochote tayari umeshapita a × b. Basi hakuna kurudi nyuma, hakuna mzunguko. Ama unafika kwenye tasa, ama unapanda milele.

Ipi kati ya hizo mbili? Hapa ndipo ninapomwonya anayetaka mradi. Namba ndogo kuliko zote ambazo haijulikani zinatua wapi ni 49. Inaanza kwa upole: 77, 711, 3379, 31109, 132393. Watu wameisukuma hatua zaidi ya mia moja, namba zimeshapita tarakimu 200, na bado haijatua. Inatarajiwa kwamba siku moja itatua, kwa kuwa kati ya namba zenye tarakimu mia hivi takriban moja kati ya 230 ni tasa, na kila hatua ni bahati nasibu mpya. Tatizo ni kwamba kucheza mara moja tu kunahitaji kuvunja namba ya ukubwa huo. RSA-250, namba ya tarakimu 250 iliyotengenezwa makusudi iwe ngumu, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kazi ya kompyuta ambayo, kama ingefanywa na kiini kimoja cha prosesa, ingechukua maelfu ya miaka. Namba za njia ya 49 si lazima ziwe ngumu hivyo, kwa sababu nyingi zina vigawo vidogo vya kung'oa kwanza, lakini zinaelekea huko.

Kwa maneno mengine, hapa kikwazo ni umeme na vifaa. Laptopu yako haitaongeza chochote kwenye 49. Kwa darasa ni burudani ya nusu saa, nzuri sana kuonyesha kwamba kuzidisha ni rahisi na kuvunja ni kugumu, jambo ambalo usalama wa siri nyingi za mtandaoni unalitegemea. Kwa mradi wa mwaka mzima, mimi singeuchagua.

Mbandiko wenye vipeo (A195264)

Mwaka 2014 John Conway, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Princeton, alitangaza maswali matano, kila moja na zawadi ya dola 1,000. Mojawapo lilikuwa la kubandika, ila kwa badiliko dogo: kigawo kikijirudia usikiandike tena, andika kipeo chake. Kipeo 1 hakiandikwi. Kwa hiyo 64, yaani 2 kipeo cha 6, inakuwa 26, si 222222. Kisha 213, 371, 753, na 3251 ambayo ni tasa. 60 inakuwa 2235, kisha 35149, tasa. Conway alidhani kila namba itapanda mpaka kwenye tasa, akataka mtu athibitishe au apinge.

Badiliko linaonekana la mapambo tu. Si hivyo. Ule uthibitisho wa "haishuki kamwe" umekufa papo hapo, maana 64 imeshuka hadi 26. Na kama namba inaweza kushuka, basi labda ipo inayobaki pale pale ilipo. Mwaka 2017 James Davis aliipata:

13532385396179 = 13 × 53² × 3853 × 96179

Soma upande wa kulia kutoka kushoto kwenda kulia, kipeo kikiwemo: 13, 53, 2, 3853, 96179. Ni namba ile ile. Inajirudia yenyewe milele na haifiki kwenye tasa yoyote. Dhana ikaanguka.

Ninachopenda ni kwamba huhitaji kompyuta kubwa kuelewa namba ya aina hii inapatikanaje. Aljebra ya sekondari inatosha. Tuseme namba ni x × p, ambapo p ndiyo tasa kubwa kuliko vigawo vyote na ina tarakimu 5. Vigawo vya x vikishabandikwa pamoja na vipeo vyake vinatoa namba fulani, tuiite F. Tunataka x × p iwe sawa na F × 100000 + p. Hamisha p upande wa kushoto: p × (x − 1) = F × 100000. Sasa fanya ujanja: chagua x inayoishia na 00001, ili x − 1 igawanyike kwa 100000 bila taabu. Chukua x = 140700001. Hiyo ni 13 × 53² × 3853, kwa hiyo F ni 135323853. Nayo x − 1 ni 1407 × 100000, basi p lazima iwe 135323853 ÷ 1407. Piga: 96179 kamili, bila baki. Ni tasa, ina tarakimu 5, na ni kubwa kuliko 3853. Masharti yote yametimia.

Hapa mashine na kichwa vinakutana. Kompyuta inajaribu x nyingi, lakini wazo la kutafuta x za umbo hilo ni la mtu. Na bado kazi imebaki: 20 inapita 225, kisha 3252, kisha 223271, na hakuna anayejua inaishia wapi. Kwenye mbandiko wa kawaida hiyo hiyo 20 inatua kwenye tasa ya tarakimu 19. Tofauti inaanzia hatua ya pili tu: 225 ni 3 × 3 × 5 × 5, mmoja anaandika 3355, mwingine 3252.

Derivativu ya namba (A003415)

Waliosoma kalkulasi watatabasamu. José Mingot Shelly wa Hispania aliiandikia mwaka 1911, na Edward Barbeau wa Kanada akaifufua mwaka 1961. Kanuni ni mbili: derivativu ya kila tasa ni 1, na derivativu ya zao inafuata sheria ile ile ya zao kwenye kalkulasi, yaani (ab)′ = a′b + ab′. Kila kitu kingine kinatokana na hizo. 6′ = 1 × 3 + 2 × 1 = 5. 60′ = 92. Derivativu ya 1 ni 0, ndipo mwisho wa safari.

Kwenye jedwali la juu, 15 na 49 zina jibu moja kwenye safu ya jumla na ya derivativu. Si bahati: tasa mbili zikizidishwa, derivativu ya zao ni jumla yake. Kwa hiyo swali maarufu la Goldbach la 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili, linakubeba moja kwa moja humu: kama ni kweli, kila namba shufwa hiyo ni derivativu ya namba fulani. Mwanafunzi anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hukaa kimya kidogo.

Lakini fuata njia mbele. 49 inapita 14, 9, 6, 5, sawasawa na kwenye jumla. 15 inakwenda 8, sawasawa tena, halafu zinaachana kabisa. Jumla inashuka 6, 5. Derivativu inapanda: 12, 16, 32, 80, 176, na haitarudi. Sababu ni 4. Derivativu ya 4 ni 4 yenyewe, kama ilivyo kwa 27 na 3125, yaani kila tasa iliyopewa kipeo sawa na yenyewe. Namba ikiwa 4 × m, derivativu yake ni 4 × (m + m′). Ile 4 haitoki tena, na m inakua kila hatua. Ukigusa namba ya namna hiyo, ukiacha 4 yenyewe, umepanda basi lisilo na kituo.

Huu ndio mfuatano wenye hisabati nyingi kuliko wote wanne kwa gharama ndogo ya kompyuta. Kalamu inakupeleka mbali. Upungufu wake ni kwamba unahitaji mtu anayejua, au aliye tayari kujifunza, sheria ya zao.

Miwili ya kupita nayo haraka

Namba za Smith (A006753) ni zile zisizo tasa ambazo jumla ya tarakimu zake ni sawa na jumla ya tarakimu za vigawo vyake. 666 ni mojawapo: 6+6+6 ni 18, na 2, 3, 3, 37 zinatoa 2+3+3+3+7, 18. Albert Wilansky alizipa jina la shemeji yake mwaka 1982, baada ya kugundua kwamba namba yake ya simu ina sifa hiyo. Mwaka 1987 ilithibitishwa kwamba haziishi. Zinafurahisha kwa jioni moja, lakini zinategemea mno kwamba tunaandika kwa msingi wa kumi, na mimi huchoka nazo upesi.

Wa pili ni wa kuhesabu vigawo ni shufwa au witiri (A008836). Mwaka 1919 George Pólya alidhani kwamba ukihesabu kutoka 1 hadi namba yoyote iliyo 2 au zaidi, namba zenye idadi witiri ya vigawo tasa hazizidiwi kamwe na zenye idadi shufwa. Jaribu hadi milioni, ni kweli. Hadi milioni mia, kweli. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alionyesha kwamba si kweli, na mwaka 1980 M. Tanaka akatoa mahali pa kwanza panapovunjika: 906150257. Kama wanafunzi wako wanaamini kwamba mifano mingi ni uthibitisho, anza na huu kabla ya mwingine wowote.

Basi, nani achukue upi

Mwalimu wa darasa la saba hadi kidato cha pili achukue jumla, bila kusita. Inahitaji chaki tu, kila njia inatua, na hakuna mtoto atakayebaki na namba isiyoingia kwenye daftari. Kidato cha tano na sita, wanaosoma kalkulasi, wapewe derivativu. Ukiweza, andika njia ya jumla na ya derivativu sambamba ubaoni kwa 49, kisha kwa 15, uwaachie waseme wenyewe zimeachana wapi.

Mwanafunzi wa chuo anayejua kidogo lugha ya programu ya Python, au PARI/GP, programu ya kukokotoa namba, na anayetaka kitu ambacho huenda akachangia, achukue mbandiko wenye vipeo. PARI/GP inakupa vigawo na vipeo vyake kwa jedwali, kwa hiyo kuandika programu yake ni kazi ya dakika chache. Mbandiko wa kawaida nauacha kwa wenye mashine kubwa na subira kubwa zaidi.

Ukichukua huo wa Conway, usipoteze mwezi wa kwanza kuisukuma 20. Badilisha 5 iwe y kwenye hoja ya juu, chukua x za umbo (m × 10 kipeo cha y) + 1, zivunje, bandika, gawanya kwa m, uangalie kama kinachotoka ni tasa yenye tarakimu y iliyo kubwa kuliko vigawo vyote vya x. Weka y kuanzia 3 hadi 8, m kuanzia 1, programu iendelee usiku. Nyingi zitaanguka kwenye mgawanyo tu, kabla hata ya kuuliza kama ni tasa, kwa hiyo weka kipimo hicho mbele. Utaokoa muda mwingi wa prosesa.